Sitoki Mpaka Masika

Izia, Sumbawanga
9 Machi

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa, umekula, na mgongo umekupunguzia yale maumivu uliyokuwa nayo siku naondoka. Mama hajambo? Na wale ndama wawili? Sisi huku Izia tunaendelea. Mume wangu Fabiani anakwenda kazini kwake kama kawaida. Sharon ameanza chekechea na kila jioni anatufundisha kusimama mstari. Timoth anaota meno ya juu, kwa hiyo nyumba nzima inaota meno. Sasa hivi amelala mgongoni kwangu. Nikikaa anaamka, basi naandika nimesimama, karatasi iko juu ya kabati la vyombo. Ukiona mwandiko umepanda na kushuka, ujue ni mjukuu wako anajigeuza.

Najua utajiuliza kwa nini nimeandika wakati nyumbani Msanzi si mbali. Baba, simu ndiyo iliyotuponza, sitaki kuirudia. Na kuja mwenyewe, nimefikiri, nikaona nikifika na kulitaja lile jina utainuka kimya uende zizini, nami nitabaki nikiongea na kigoda chako. Ulikataza jina lake lisitamkwe nyumbani mwako. Lisiandikwe, hukukataza. Kwa hiyo naandika: Raymond, mwanao. Nakuomba usiikunje barua hapo. Endelea kusoma.

Ombi langu nalitanguliza, nisije nikachoka kabla ya kufika. Abeli asiingie kwenye shamba la Raymond. Mama alinidokeza kwamba umemruhusu binamu huyo aanze kulima ntumba, yale matuta yetu ya kufukia nyasi, pale wiki hii, maana nyasi zimeshakomaa na udongo bado una maji. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha kwamba mtu akishafukia nyasi, akainua ntumba zake, shamba hilo amelishika. Huwezi kumwambia toka wakati jasho lake linaoza humo ndani pamoja na majani. Ndiyo maana nakuomba umsimamishe leo, kabla hajainua hata moja. Sababu yake ni haya yanayofuata.

Unakumbuka ilivyokuwa siku ile nilipokuwa nimekuja kuwasalimia. Raymond alipiga simu kwa jirani yetu Masalu, akitumia simu ya kuazima kwa mwenzake, maana yake ilikuwa imeharibika. Masalu akapanda juu ya kichuguu kule machungani ashike mtandao, upepo unavuma, ng'ombe wanalia. Akashuka, akaja moja kwa moja mlangoni kwetu, kofia mkononi. Akasema Raymond yuko Unguja, yuko jela. Akasema kwamba ameomba wazazi waambiwe: niko jela, wazungu ni wengi, humu ndani ni baridi kama nyumbani, mkuu wetu mkali, na sitoki mpaka masika. Kisha simu ikakatika, na kila tulipoirudia ile namba haikupatikana.

Mama alikaa chini palepale. Wewe ulikuwa unachonga mpini, ukaumaliza, ukauweka, ndipo ukasema kuanzia leo nisilisikie jina hilo humu ndani. Tangu siku hiyo ukawa unamwita "yule". Aibu yako naielewa, Baba. Hukutaka hata jumuiya wajue. Mama alipokwenda kwenye sala za Jumatano aliomba waumini wasali kwa nia maalumu, wakasali bila kujua wanamsalia nani. Mpaka leo wanaojua ni sisi na Masalu tu. Shika hilo, nitalihitaji mbele.

Mama ndiye aliyenituma. Wewe hukunikataza wala hukuniaga. Alinifungia unga wa ulezi aliousaga mwenyewe, akasema chakula cha jela hakina nguvu. Akanipa na lile sweta la kijivu alilomfumia Raymond zamani, kwa kuwa mtoto amesema kule ndani ni baridi. Nikambeba Timoth, nikapanda basi. Safari sitaisimulia. Itoshe kusema kwamba niliposhuka kwenye boti kule Unguja, mtoto alikuwa bado na kofia yake ya sufu na soksi mbilimbili kama ninavyomvalisha hapa asubuhi. Mama mmoja muuza machungwa akanishika mkono, akaniuliza mwanangu weye, huyu mtoto unamlea ama unamchemsha? Akamvua kofia mwenyewe bila kuniomba. Baba, lile joto sijapata kuliona. Hewa inakulalia usoni kama kitambaa kilichotolewa kwenye maji ya moto. Paka wamelala chali njiani na watu wanawaruka tu.

Nikaulizia gereza, nikaelekezwa, nikafika getini na unga wangu kichwani. Mlinzi alikuwa askari mtu mzima mwenye mvi. Akanikaribisha vizuri, akaingia kuangalia, akarudi akasema jina hilo hawana. Nikamwambia hebu tazama tena, ni Mfipa, mrefu, ana kovu la jembe mguuni. Akaniuliza alisema kwa maneno gani. Nikamrudishia kama tulivyopokea kwa Masalu, neno kwa neno. Nilipofika kwenye baridi, akaniinulia mkono nisimame. Akaniambia mwanangu, humu mna kila kitu, lakini baridi hatuna. Hiyo baridi hata sisi tunaitafuta. Na hao wazungu wengi wanakuja jela kufanya nini?

Pembeni alikuwapo askari wa kike, binti mdogo tu, anakula embe. Akaacha kutafuna. Akasema, "Afande, huyo si jela. Huyo jelato!"

Wakacheka, Baba. Yule mzee alicheka mpaka akavua kofia akajifuta nayo macho. Mimi sikujua kinachochekwa. Nilikaa juu ya mfuko wa unga nikalia, na Timoth naye akaanza. Hapo wakanyamaza. Mzee akaniletea kiti kivulini na maji, akanieleza taratibu kama mwalimu wa watoto. Jelato ni aiskrimu ya Kitaliano. Mji wote wa Unguja umejaa maduka yake kwa ajili ya watalii, na watu wake hawasemi ninafanya kazi kwenye duka la jelato, wanasema tu niko jelato. Chumba cha kuitengenezea ni cha baridi. Na watalii wakipungua, mvua za masika zinapoanza, maduka mengi hufungwa, wafanyakazi ndipo hutoka kwenda makwao.

Rudi nyuma sasa, Baba, uyapime maneno ya Masalu. Hakuna alichodanganya. Wazungu wengi, kweli. Baridi, kweli. Mkuu mkali, kweli. Sitoki mpaka masika, kweli. Kilichopotea ni "to", silabi moja iliyochukuliwa na upepo pale juu ya kichuguu, na kwa silabi hiyo tulimfunga mtoto wetu jela.

Nikawauliza duka lenyewe ni lipi. Hapo ndipo nilipojionea maajabu: wale askari wawili wakaanza kubishana, na mimi machozi hayajakauka. Binti akasema jelato nzuri iko kule mbele, Forodhani, kwenye duka lenye taa. Mzee akasema pale unanunua rangi na hewa. Binti akasema Afande wewe unapenda vya bure tu. Mzee akanigeukia akaniambia nisidanganywe na macho: iliyorundikwa ikawa mlima niipite, nzuri huwa inafunikwa kwenye makopo. Na niitazame ya ndizi. Ikiwa njano, ni uongo, kwani ndizi ukiiponda inabaki njano? Nikasema kimoyomoyo, Baba wa watu, mimi natafuta ndugu, wewe unanifundisha ndizi. Lakini nikayashika.

Nilianza na lile lenye taa kwa kuwa lilikuwa karibu na njia. Ni kweli ilikuwa imepangwa vilima vilima, kijani, njano, waridi, na mmoja wa bluu. Bluu, Baba! Nikamuuliza kijana bluu ni tunda gani, akasema bluu ni bluu tu, mama. Raymond hamjui. Akanionjesha kwa kijiko, ikawa tamu kama dawa ya meno. La pili lilikuwa Shangani. Pale dada mmoja alinikaribisha kwa heshima na ladha yake haikuwa mbaya, embe ilikuwa embe kweli, ila iligeuka maji kabla sijaimeza, ikamtiririkia Timoth mpaka kitovuni. Raymond hawamjui. Nikaingia ndani ya vichochoro, vile vyembamba ambavyo ukikutana na mwenye baiskeli mmoja lazima aombe radhi. Nikauliza duka moja, nikauliza jingine. Kila mtu ana jelato yake anayoiapia, kila mtu anaiponda ya mwenzake, na Raymond hakuna.

Mwisho nikachoka. Nilikaa kwenye baraza la nyumba ya watu nikamnyonyesha mtoto. Mwenye nyumba, bibi mnene anayekaanga kachori, akanisogezea feni yake ndogo, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Sumbawanga. Akashtuka kwa mzaha, akajishika kifua, akasema alaa, basi nisikuudhi, usije ukanigeuza fisi. Unajua wenzetu wanavyotusema. Nilikuwa nimechoka hata kukasirika. Nikamwambia bibi, kama ningejua kuroga ningekuwa nimeshamroga ndugu yangu aje hapa mwenyewe. Akacheka, kisha akanitazama tena usoni. Akasema Raymond simjui, lakini kama unamtafuta Sumbawanga, yule kijana mrefu anayeturoga kwa vikombe, yuko nyuma ya msikiti huu. Akasema watoto wa mtaa wakitoka chuoni kusoma Kurani wanapanga foleni kwake, na ukitaka kujua jelato nzuri ya mji huu usimuulize mgeni, fuata watoto, maana wao hela yao ni ndogo na hawakosei.

Kumbe jina lake kule wamelifuta, wamempa la kwetu. Nilikuwa natafuta Raymond siku nzima wakati mji mzima unamjua kwa jina la Sumbawanga.

Duka lenyewe ni mlango mmoja. Halina vilima, ni makopo yamefunikwa. Ndizi yao, Baba, ina rangi ya majivu. Muuzaji alikuwa binti mwenye mtandio, nikamwomba anionjeshe chochote. Akafunua kopo, akachota kitu cha kahawia, akasema hiki ndicho kinachokwisha kwanza.

Nikakitia mdomoni.

Ilikuwa ni ulezi. Ulezi uliokaangwa ukaanza kunukia, halafu ule ukali kidogo wa togwa ya siku ya pili, halafu maziwa. Nimesimama kwenye joto lile, kwenye kichochoro cha watu, na mdomoni mwangu ni jikoni kwa mama asubuhi ya Julai, ukungu uko mlangoni na wewe unakohoa uani. Sikuuliza tena kama Raymond yupo. Nilisema mwiteni. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, akatoka. Na katika mji ule ambao watu wanatembea wanajipepea kwa mikono, mwanao alitoka amevaa sweta, Baba. Limechanika viwiko vyote viwili.

Alimchukua Timoth, akamnusa kichwa. Amenenepa kidogo. Ndevu zimeota, anafanana na wewe kwenye ile picha ya ndoa. Mkuu wao ni mama wa Kitaliano, mzee, anayesema Kiswahili cha kule vizuri kuliko mimi, na ni mkali kweli, alinigombeza kwa kumfunika mtoto kitenge. Lakini ndiye aliyemwambia Raymond, baada ya kumfundisha za kwao zote, sasa nipikie ya kwenu. Akapika ulezi. Ubaoni imeandikwa kwa chaki: Msanzi. Watalii wanaitamka vibaya mno, lakini wanarudi.

Nikampa unga. Akafungua, akatia kidole, akaramba, akafumba macho. Akasema ulezi anaoupata sokoni kule una mchanga, na hata jana tu alikuwa anawaza atapata wapi wa nyumbani. Nikatoa sweta. Akalitazama, akatazama lake lililochanika, akaniuliza, "Mama amejuaje?"

Hapo, Baba, ndipo penye sababu ya barua hii. Nilikuwa nimefungua mdomo nimweleze yote. Kichuguu, upepo, jela, sala za Jumatano. Nilidhani tutacheka kama walivyocheka wale askari. Lakini kabla sijaanza akaniuliza kwa sauti ndogo kama wewe hujambo. Akasema siku ile mlipogombana, aliposema hatazeeka akifukia nyasi, asubuhi yake alipita mbele yako na begi akakuamkia shikamoo, nawe hukuitika. Akadhani hukusikia, akarudia. Hukuitika. Akasema mji wote ule unamsalimia, lakini kila akifunga duka anaisikia ile shikamoo yake bado inaning'inia pale mlangoni kwetu, haijapokewa. Na ile simu aliyompigia Masalu ilikuwa ni kwa ajili hiyo. Alitaka ujue amepata kazi halali na ana mwalimu, na masika anakuja nyumbani akusaidie ntumba, kisha akuombe ulezi wa kupeleka.

Nikaufunga mdomo wangu. Nikamwambia mama anajua tu, ni mama. Nikamwambia kwamba nimekuja kumwonyesha mjomba Timoth, na kwamba nyumbani wote wanamsubiri. Nimedanganya, na ni Kwaresima. Nitaungama kwa padre. Kwa Raymond sitaungama, wala wewe usiungame, wala mama. Raymond hajui kwamba tulimdhania mfungwa. Hajui jina lake lilikatazwa. Hajui shamba lake lilipewa Abeli. Hatajua, maana huku nyumbani wanaojua ni sisi na Masalu tu. Kosa la Masalu ni silabi moja, nalo ni la upepo. Letu ni kwamba neno lilipofika tulilisadiki siku hiyohiyo, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza amefanya nini. Ukilitazama hilo vizuri, Baba, utaona si kitu cha kumpa mtoto anayerudi nyumbani na zawadi.

Ndiyo maana ule ujumbe niliokutumia kutoka kule ulikuwa mfupi, kwamba nimemwona ni mzima. Ndiyo maana pia barua hii anakuletea Masalu mwenyewe, aliyekuja mjini kuuza dume lake. Yeye nimemweleza. Akavua kofia, akasema mama Timoth, nilikubebea mfungwa asiyekuwapo. Ameapa kutosema. Nilipotaka kumsomea bahasha imeandikwa nini juu, alikataa, akasema safari hii hataki kusikia neno, anataka kubeba tu.

Raymond anafika kabla ya Jumapili ya Matawi. Atalala hapa kwangu, asubuhi atapanda gari la Msanzi. Kwa hiyo, Baba, samahani nikikuagiza kama mtoto wangu, uchovu umenitoa haya. Mwite Abeli leo umwambie umebadili mawazo. Sababu usimpe, wewe ni mkubwa wake. Barua hii ukimaliza kuisoma uitie motoni, mama akiwa anasonga. Halafu lile jina uanze kulitamka. Usingoje mpaka afike, ulimi wako utakuwa umekakamaa. Anza na mama, hapohapo jikoni. Mwambie kwamba Raymond anakuja, na hakufungwa kamwe. Yeye atakuonyesha kwa uso wake kama umelisema vizuri.

Wasalimie baba mdogo Evaristi na watu wake, na wanajumuiya wote, uwaambie ile nia maalumu Mungu ameipokea, wasiulize zaidi. Mwambie mama unga ulifika palipostahili na sweta limemtosha. Fabiani anakuamkia. Sharon anasema shikamoo babu, yeye anataka ndama. Timoth ameamka, ananivuta nywele, nami naishia hapa.

Lakini moja la mwisho. Raymond akifika atasimama pale mlangoni, begani ana begi lilelile, na atakuamkia. Acha jembe, Baba. Itikia. Marahaba moja tu inatosha kwa zote tatu.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Salome Clemens
(mama Timoth)